Ofa ya bima au hukumu ya korti ya Milimani: ipi inakufaa ukiumizwa barabarani Nairobi

Ukigongwa na gari Nairobi, au matatu uliyoabiri ikabingirika Waiyaki Way, swali linalokuja baada ya kutoka hospitalini ni hili: hawa watu wa bima watalipa wenyewe au itabidi twende kortini? Watu huuliza kana kwamba njia ni mbili. Ziko tatu, na ile ya katikati, ambayo haitajwi sana, ndiyo inayowafaa wengi.

Kwanza tuelewane kuhusu nani anashtaki nani. Huishtaki kampuni ya bima. Unamshtaki mwenye gari na dereva wake. Bima inakaa nyuma yao: inawawekea wakili, inaamua kupigana au kulipa, na ukishinda, sheria ya bima ya magari kwa watu wa tatu, yaani wanaoumizwa na gari lililokatiwa bima, ile mawakili huiita Cap 405, inailazimu kulipa hukumu hiyo kwa niaba ya mteja wake hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo unakitafuta kwa mwenye gari mwenyewe. Hiyo milioni 3 ikae kichwani, maana inabadilisha hesabu kwa mwenye majeraha makubwa.

Kesi hizi hufika kortini mara ngapi?

Ukiuliza mtandaoni utaletewa takwimu za Marekani. Ofisi ya takwimu ya wizara ya sheria ya huko iliwahi kuchunguza kesi za madhara katika kaunti 75 kubwa zaidi kwa mwaka 1992, ikakuta kama robo tatu ziliisha kwa makubaliano na asilimia 3 hivi tu ndizo zilizofika hukumu baada ya kusikilizwa. Tovuti nyingi za mawakili wa huko bado zinaimba wimbo huo huo. Usiuhamishie Nairobi.

Kule, kesi ikisikilizwa, kiasi cha fidia mara nyingi huamuliwa na juri, yaani raia walioitwa kutoka nyumbani kwao, na hakuna mwenye uhakika watasema nini. Pande zote mbili zinaogopa. Hapa anaamua hakimu peke yake, naye hutazama kesi zilizotangulia zenye majeraha yanayofanana na yako, akaongeza kidogo kwa sababu shilingi imeshuka thamani. Wakili wako anazijua kesi hizo. Wakili wa bima anazijua vilevile, pengine alikuwa ndani ya nusu yake. Mguu uliovunjika mara moja na kuunga vizuri, wote wawili wanajua kwa makisio ya karibu utaleta ngapi. Kwa hiyo ubishi wa kweli Nairobi hauko sana kwenye kiasi. Uko kwenye mambo mawili: lawama ya ajali inagawanywaje, na pesa zinatoka lini. Kwenye hilo la pili ndipo bima ina nguvu kuliko wewe, kwa sababu yenyewe haina kodi ya nyumba ya kulipa mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana kesi nyingi hapa hufunguliwa. Barua ya madai peke yake mara nyingi hukaa kwenye faili, lakini wito wa korti una tarehe, na tarehe inamfanya mtu ainue simu.

Ukitaka kujua tabia ya kampuni fulani, Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hutoa kila robo mwaka taarifa ya madai kwa kila kampuni: yaliyoripotiwa, yaliyolipwa, yaliyokataliwa na yanayosubiri. Madai ya watu wa tatu, kama wewe, yametengwa na yale ya mteja anayetengenezewa gari lake. Ruka sura zote za mbele uende kwenye jedwali hilo la watu wa tatu. Usishangilie idadi iliyolipwa. Linganisha na rundo lililokuwa linangoja. Kampuni ambayo rundo lake linapanda robo baada ya robo, mimi huihesabu kuwa ni ya kulipa kwa kusukumwa, na siwezi kumshauri mtu aisubiri barua yake bila kufungua kesi.

Njia ya kwanza: kumalizana bila kesi

Unakusanya abstrakti ya polisi (karatasi yao ya maelezo ya ajali), fomu ya P3 (fomu ya polisi ya kuonyesha majeraha), karatasi za hospitali, risiti zote na ripoti ya daktari. Wakili anaandika barua ya madai kwa mwenye gari na nakala kwa bima. Bima inaweza kukutuma kwa daktari wake akupime upya. Nenda, na uende na picha zako za eksirei. Baada ya hapo inakuja ofa, kama itakuja.

Uzuri wake ni kasi na gharama ndogo. Mtu mwenye michubuko na maumivu ya misuli, bila mfupa kuvunjika, ambaye korti yenyewe ingempa makumi ya maelfu au laki chache, sioni kwa nini akae miaka miwili. Achukue ofa ikiwa inakaribia kiasi hicho.

Ubaya wake uko kwenye karatasi moja. Kabla ya hundi utapewa hati ya kumaliza madai utie sahihi. Isome polepole. Inasema umepokea kiasi fulani kama malipo kamili na ya mwisho, na kwamba humdai tena mwenye gari, dereva wala bima kwa lolote litokanalo na ajali hiyo, lijulikanalo sasa au litakalojitokeza baadaye. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuogopa. Mtu amewekewa chuma pajani, daktari amesema kitatolewa baada ya mwaka mmoja au zaidi, na ofa imekuja leo. Akitia sahihi, upasuaji wa kutoa chuma ni juu yake. Daktari wako aandike kwenye ripoti gharama ya upasuaji ujao kabla hujazungumza bei na mtu yeyote. Kortini pia gharama ya matibabu ya baadaye isipodaiwa waziwazi haitolewi.

Halafu kuna simu. Ofisa wa madai atakupigia wewe moja kwa moja, kwa adabu zote, pengine huku anajua wazi kuwa una wakili.

"Mama, habari ya mguu? Sisi tunataka tumalizane vizuri tu, hakuna haja ya kusumbuana kortini. Nikikutumia laki mbili wiki hii itakuwa sawa?"

"Asante kijana. Iandike kwenye barua, umpelekee wakili wangu, na useme kama hiyo ni pamoja na gharama za wakili au la."

Jibu hilo linatosha. Ofa isiyoandikwa haina kazi. Na hilo la gharama si dogo: laki mbili "pamoja na gharama zote" na laki mbili "na gharama za wakili juu yake" ni ofa mbili tofauti kabisa. Watu wengi hugundua tofauti hiyo siku ya kugawana.

Jambo la hatari zaidi katika njia hii ni muda. Kesi ya kuumizwa kwa uzembe ina miaka 3 tangu siku ya ajali. Ikiwa gari lilikuwa la serikali, ni miezi 12 tu. Mazungumzo na bima hayasimamishi hesabu hiyo hata kwa siku moja. Ofisa anaweza kukuomba ripoti mpya, kisha nakala ya kitambulisho, kisha risiti asili, na yote yakawa maombi halali, hadi mwaka wa tatu unaisha. Baada ya hapo simu zinapoa. Mimi nikiona miezi 18 imepita bila ofa ya maandishi, naona njia hii imeshafungwa yenyewe.

Njia ya pili: fungua kesi, kisha mkubaliane

Wakili anawasilisha madai kwa mtandao, wito unapelekwa kwa mwenye gari, na bima inapewa notisi ya kesi mapema. Notisi hii isisahaulike: sheria inaruhusu bima kukataa kulipa hukumu ya kesi ambayo haikuarifiwa ndani ya muda uliowekwa. Kisha bima inaleta wakili wake, na utetezi unakuja ukikana kila kitu: hakukuwa na ajali, kama ilikuwapo hukuwamo, kama ulikuwamo ulijiumiza mwenyewe. Wadai wengi wakisoma utetezi huo hulia kwa hasira. Ni maneno ya kawaida, hubandikwa kwenye kila kesi.

Baada ya hapo mambo huanza kusogea, na husogea hasa siku zile ambazo kesi inatajwa, yaani korti inauliza imefikia wapi, au imepangiwa kusikilizwa. Zamani, na bado kwa kesi za kusikilizwa ana kwa ana, ilikuwa korido za Milimani: saa tatu kasoro, mawakili wamebana mafaili kwapani, mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Abiria? Nipe mia kwa mia tuache kupoteza muda." Mwenzake anapiga simu bima, anarudi na 90 kwa 10, na kabla hakimu hajaketi wamekubaliana 95 kwa 5. Siku hizi kesi kutajwa hufanyika kwa video, kwa hiyo korido imehamia kwenye simu, lakini mazungumzo ni yale yale.

Hicho wanachogawana ni lawama: namba ya kwanza ni ya upande wa gari, ya pili ni yako. Mkikubaliana kuhusu lawama, kinachobaki ni kiasi, na mara nyingi huamuliwa kwa ripoti za madaktari na hoja za maandishi bila hata wewe kupanda kizimbani. Kwa hesabu ya nani "alienda kortini", kesi hiyo ilienda. Lakini nusu yake ilimalizwa kwa mapatano. Kwa sababu ya mchanganyiko huu, sipendi kujibu swali la "mara ngapi" kwa namba moja.

Uzuri wa njia hii ni kwamba saa ya miaka 3 imeshazimwa, na bima sasa inalipa wakili wake kila hatua. Ofa ya baada ya kesi kufunguliwa huwa karibu zaidi na kile hakimu angetoa. Ubaya ni kwamba nawe una gharama: ada za kufungua, ripoti ya daktari, siku ya daktari kuja kutoa ushahidi ikibidi, nauli na siku za kazi.

Kuna pia upatanishi unaosimamiwa na mahakama, ulioanza kwa majaribio hapo Milimani mwaka 2016. Kesi inaweza kupelekwa kwa mpatanishi, na mkielewana mapatano yanakuwa amri ya korti. Kwa kesi ya majeraha unafaa pale ofisa wa bima anapokuja na mamlaka ya kutaja bei. Akija wakili wa bima mwenye maagizo ya kusikiliza tu, mmepoteza asubuhi.

Njia ya tatu: hadi hukumu ya mwisho

Ziko sababu za kweli zinazoifanya bima ikatae kumalizana. Abstrakti inasema kesi bado inachunguzwa au inakulaumu wewe. Matatu ya abiria 14 imeleta wadai 20. Mwenye gari hakuwa amelipia bima siku hiyo, au gari la binafsi lilikuwa likibeba abiria kwa nauli. Au majeraha ni makubwa kiasi kwamba hata kupunguza asilimia 20 ya lawama ni pesa za kuajiri mawakili wawili. Kwenye ajali ya watu wengi, huchaguliwa kesi moja ya mfano isikilizwe kuhusu lawama, na wengine mnafungwa na matokeo yake. Ukiwa mmoja wa hao wengine, jali sana nani amechaguliwa na ushahidi wake ukoje.

Ukishinda, unapata fidia, riba na gharama za kesi. Kwenye karatasi hakuna njia inayolipa zaidi. Shida inaanza hapo hapo. Bima ina siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na inaweza kuomba utekelezaji usimamishwe. Korti mara nyingi itakubali kwa sharti la kuweka pesa, pengine nusu ulipwe na nusu ikae kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili. Rufaa ikiisha na bado hailipi, unafungua kesi nyingine, safari hii dhidi ya bima yenyewe, ukiiomba korti itamke kwamba inawajibika kulipa hukumu ile ya kwanza. Au unamtuma dalali wa mahakama, anayekamata mali ili hukumu ilipwe, kwa mwenye matatu, ambaye naye atakuja mbio kwenye bima yake akipiga kelele. Mawakili wengi huchagua kumtuma dalali kwa sababu kelele za mteja husikika haraka kuliko barua.

Na kuna jambo ambalo wanaosifu hukumu hawalitaji: kampuni ya bima kufa. United ilianguka mwaka 2005, Blue Shield ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2011, Invesco, iliyokuwa na magari mengi ya uchukuzi wa umma, ikafuata mwaka 2024. Kampuni ikifika hapo, malipo na utekelezaji husimamishwa, na Hazina ya Kufidia Wenye Bima hulipa hadi shilingi 250,000 kwa dai. Mwenye hukumu ya milioni moja na nusu anasimama foleni moja na mwenye ya laki tatu. Ukisikia kampuni iliyo kwenye abstrakti yako inachelewesha mishahara au leseni yake ina maneno, ofa ya asilimia 60 leo naipa heshima kuliko hukumu ya asilimia 100 mwaka kesho kutwa.

| | Bila kesi | Kesi kisha mapatano | Hadi hukumu |
|---|---|---|---|
| Muda wa kawaida | Miezi michache | Mwaka hadi miwili | Miwili na zaidi, rufaa juu yake |
| Kiasi | Cha chini | Karibu na cha korti | Kamili, pamoja na riba |
| Nani anasukuma | Bima | Wote | Hakimu, kisha dalali |
| Kinachoua dai | Miaka 3 kupita, hati ya mwisho | Notisi kusahaulika | Bima kuanguka |

Jeraha moja, watu wawili

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfupa wa mguu umevunjika, umeunga, na kwa kesi zilizotangulia hakimu angetoa 500,000 kwa maumivu, pamoja na 60,000 za risiti. Bima imetoa ofa ya 280,000 kabla ya kesi.

Mtu wa kwanza alikuwa abiria ameketi kwenye matatu Jogoo Road. Abiria haendeshi gari. Kumpa lawama ni vigumu, labda kidogo kwa kutofunga mkanda. Dai lake ni karibu 560,000 zote. Ofa ya 280,000 ni nusu bei. Afungue kesi, akatae kwa upole, na asishangae ofa ya pili ikifika laki nne na nusu na gharama juu.

Mtu wa pili alikuwa akivuka Thika Road kwa miguu, chini ya daraja la wapita njia. Hakimu atauliza kwa nini hakupanda daraja lililokuwa juu ya kichwa chake. Akipewa nusu ya lawama, dai la 560,000 linakuwa 280,000 baada ya miaka miwili, kasoro ada. Kwake ofa ile ile ni nzuri, na wakili anayemwambia apigane aeleze sababu zake vizuri. Abiria wa boda boda asiye na kofia, hasa mwenye jeraha la kichwa, yuko katikati ya hawa wawili.

Hili ndilo ningependa uulize kabla ya yote: siku ya ajali ulikuwa nani barabarani? Swali hilo linapanga hesabu kuliko ukubwa wa jeraha.

Korti ipi, ukiamua kwenda

Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani Aprili 2021. Kikomo chake ni shilingi milioni moja, sheria inataka iamue ndani ya siku 60, unaweza kujisimamia bila wakili, na rufaa yake Mahakama Kuu ni ya hoja za sheria tu. Sheria yenyewe inataja fidia ya majeraha ya mwili miongoni mwa kazi zake. Lakini majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu kama kesi za uzembe barabarani zinaingia humo, na wako walioamua haziingii. Ukishinda huko kisha rufaa ikasema korti haikuwa na mamlaka, unarudi mwanzo na miaka yako 3 pengine imepita. Kwa dai dogo ambalo bima haibishi lawama, ningeithubutu. Kwa lawama yenye mabishano makali, ningeenda kwa hakimu wa kawaida, ambako Hakimu Mkuu anasikiliza hadi milioni 20 na hakuna anayeuliza maswali ya mamlaka.

Bunge lilijaribu kukata mzizi huu wote mwaka 2013, kwa kuweka kwenye Cap 405 jedwali la malipo kwa kila kiungo, ili watu wasihitaji hakimu. Chama cha Mawakili kikapinga, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya jedwali hilo vinakiuka katiba. Uingereza walianzisha jedwali la namna hiyo kwa maumivu ya shingo mwaka 2021. Hapa kwetu tumebaki na kesi zilizotangulia, na kwa maoni yangu ni afadhali: jedwali lingekuwa na bei nafuu kwa bima na lisingejua kwamba fundi wa mjengo na karani wa ofisi hawapotezi kitu kimoja wakikatika kidole.

Nikimtaja fundi: ukiumia kazini, hata kama ni kwenye lori la mwajiri, usikimbilie Milimani. Kwa sheria ya fidia za kazini ya mwaka 2007, dai linaanzia kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na Mahakama ya Juu ilithibitisha hivyo Desemba 2019. Mwambie mwajiri mara moja na upeleke dai ndani ya miezi 12. Ni meza nyingine kabisa.

Wakili na pesa

Utaambiwa, "hulipi kitu mpaka tushinde, nachukua theluthi." Theluthi hiyo ni desturi ya Marekani. Sheria ya mawakili ya Kenya haitambui mkataba wa kulipwa kwa sharti la ushindi. Ada inapaswa kufuata kiwango kilichowekwa kisheria. Hali halisi mitaani ni kwamba wengi wanasubiri pesa ziingie ndipo walipwe, na hakuna ubaya katika kusubiri. Ubaya ni kutojua watakata ngapi. Ipate kwa maandishi siku ya kwanza. Omba pia uonyeshwe kila ofa iliyoandikwa na barua ya malipo kutoka bima, kwa kuwa hundi hutoka kwa jina la ofisi ya wakili, na malalamiko ya wateja kuhusu hundi zilizopotea njiani yana tume yake ya kuyapokea, Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Yule kijana aliyekufikia kitandani hospitalini na fomu, kabla hata ndugu zako hawajafika, hakuja kwa huruma. Ni dalali wa ofisi fulani, analipwa kwa kichwa. Usimpe abstrakti asili.

Pale usipochagua

Aliyeumia akiwa mtoto, mzazi hawezi kumaliza kesi iliyofunguliwa kwa kukubaliana peke yake. Mapatano yanahitaji ruhusa ya korti, na pesa zake korti inaweza kuagiza ziwekwe hadi akue. Muda wake wa kushtaki unaweza kuhesabiwa tofauti kwa sababu ya umri, ingawa kungoja hadi mashahidi wametawanyika na gari limeshauzwa vyuma ni kujipa kazi.

Na aliyefariki, familia inakwenda kortini hata bima ikiwa tayari kulipa kesho. Dai la mali ya marehemu linahitaji mtu mwenye hati ya usimamizi inayotolewa na korti, hata ile ya muda ya kufungulia kesi tu, na ofisa wa bima mwenye akili hatakabidhi hundi kwa kaka mkubwa kwa sababu ndiye aliyeongoza mazishi. Kaka, mjane na mama wakae wakubaliane jina la kuandika kwenye ombi hilo kabla ya kuanza kubishana kuhusu ofa, kwa sababu hati ikicheleweshwa na ugomvi wa nyumbani, bima haina haraka ya kuwapatanisha.